Gugu la Maua ya Buluu na Wadudu Wanaoliendea

Na mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Makala hii imezaliwa na swali ambalo mimi, mkubwa wa kundi la palizi, nilishindwa kulijibu mbele ya wadogo zangu.

Muhula huu kundi letu lilipewa zamu ya kupalilia shamba la mahindi lililo nyuma ya mabweni. Adui wetu mkubwa alikuwa gugu moja ambalo kila mwenye jembe analifahamu: lina manyoya mwili mzima, lina maua madogo ya buluu hafifu, na ukilifikicha mkononi hunuka kama beberu. Tuliling'oa kwa mamia, tukalirundika kando ya shamba ili jua lilimalize. Siku ya tatu mdogo wetu mmoja wa Kidato cha Kwanza alinijia mbio akasema, "Kaka, njoo uone! Vipepeo wanakula takataka zetu."

Nilikwenda nikiwa tayari kumcheka, nikarudi nimenyamaza. Juu ya rundo lile kavu, lisilo na hata ua moja bichi, walikuwa wametua vipepeo wa rangi ya machungwa wenye ncha nyeusi za mabawa, wakipapasa majani yaliyonyauka kwa mirija yao ya kunyonyea. Walishughulika hata ukawakaribia kwa mkono wasiruke. Hatua chache kutoka hapo, penye mpaka wa shamba, magugu mabichi ya aina ile ile yalikuwa yamechanua vizuri.

"Kaka, wanatafuta nini kwenye majani makavu?" akaniuliza.

Sikuwa na jibu. Nilimpelekea Mwalimu wetu wa Biolojia swali hilo, naye pia hakunijibu. Alinipa kioo cha kukuzia na daftari, akasema, "Mtazame kwanza mwenye nyumba, kisha uwatazame wageni wake. Vitabu nitakupa baadaye." Basi kwa wiki tatu, kila nilipopata nafasi kabla ya chakula cha mchana, nilikaa kwenye mpaka wa shamba. Yafuatayo ndiyo niliyoyaona, pamoja na niliyoyasoma baadaye.

MWENYE NYUMBA

Jina la kitaalamu la gugu hili ni Ageratum conyzoides. Carl Linnaeus, mtaalamu wa Uswidi, ndiye aliyeliandika kwa jina hilo mwaka 1753. Neno Ageratum lina asili ya Kigiriki, na maana yake ni "lisilozeeka", kwa kuwa maua yake hukaa na rangi yake kwa muda mrefu. Msomaji ashike neno hilo, kwa maana tutalirudia. Waganda huliita namirembe. Wakikuyu wa Kenya huliita gathenge, na kwao beberu ni thenge. Kumbe si sisi peke yetu tulioinusa harufu ile.

Asili yake si Afrika. Limetoka katika nchi za joto za Amerika, nalo limesambaa karibu kila nchi yenye jua na mvua duniani. Liko katika jamii moja na alizeti na kishona nguo. Kwa kawaida urefu wake hufika magotini au kiunoni. Majani yake hukaa mawili mawili yakielekeana, na kingo zake zina meno kama ya msumeno butu. Shina na majani yamefunikwa na manyoya meupe membamba, mfano wa malaika ya mkono wa mtoto. Kwa kioo cha kukuzia manyoya hayo huonekana kama msitu. Niliona mdudu mdogo akijaribu kupanda shina lile, akakwama na kupapatika kama mtu anayepita kwenye nyasi ndefu za umande, mwisho akashuka.

Ua lake nalo linadanganya. Kile tunachokiita ua moja, chenye upana wa karibu milimita 5 tu, si ua moja. Ni kikapu cha maua madogo sana 60 hadi 75, kila moja likiwa mrija wenye uzazi wake kamili. Vile vinyuzi vya buluu vinavyotokeza juu na kulifanya ua lionekane kama pamba iliyochambuliwa ni sehemu za kike za maua hayo. Kila ua dogo huzaa mbegu moja nyeusi yenye vishale vitano kichwani vya kushika upepo na manyoya ya wanyama. Mche mmoja uliostawi unaweza kutoa mbegu hadi 40,000. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini palizi yetu haina mwisho.

WAGENI WANAOTAFUTA CHAKULA

Wageni wa kwanza kufika, jua likishapasha moto majani, ni nyuki. Hutua juu ya kikapu, huingiza ulimi katika mrija mmoja, kisha wa pili, kisha wa tatu, bila kuinua miguu. Mbochi iliyomo katika kila mrija, yaani yale maji matamu ya ua, ni kidogo mno. Lakini mirija ni mingi na ni mifupi, hata mdudu mwenye ulimi mfupi hufikia. Ndiyo sababu niliwaona pia nyuki wadogo weusi wasiouma, nyigu wembamba, na wale inzi wenye michirizi ya manjano wanaoelea hewani mahali pamoja kana kwamba wamening'inizwa kwa uzi. Inzi hao ni rafiki wa mkulima, kwa sababu watoto wa aina nyingi za jamii yao hula vidukari wanaofyonza mazao.

Lakini nyuki anajuaje kwamba hapa pana mbochi? Sehemu ya jibu ni rangi. Mwaka 1914 Karl von Frisch, mzaliwa wa Austria aliyekuwa akifanya kazi Ujerumani, alitangaza jaribio ambalo hata sisi tunaweza kulirudia. Alipanga mezani kadi nyingi za kijivu, nyingine nyeupe zaidi, nyingine nyeusi zaidi, na katikati yake akaweka kadi moja ya buluu yenye kisahani cha maji ya sukari. Nyuki walipokwisha kuizoea, aliondoa sukari na kuibadili kadi mahali. Nyuki wakaifuata ile ya buluu. Kama wasingaliona rangi, wangaliichanganya na kadi mojawapo ya kijivu yenye mwanga sawa nayo. Alipojaribu kwa kadi nyekundu walichanganyikiwa, maana nyekundu kwao ni kama giza. Basi buluu ni moja ya rangi ambazo jicho la nyuki huziona vizuri sana.

Hayo yote yanaeleza habari za maua mabichi. Hayaelezi habari za rundo kavu. Rundo lile halikuwa na buluu wala mbochi.

WAGENI WANAOTAFUTA SUMU

Kipepeo wetu wa rangi ya machungwa huitwa Danaus chrysippus, naye ni wa kawaida sana katika Afrika yetu. Mwalimu alinionyesha alama ya kumtambua dume: kwenye kila bawa la nyuma ana doa moja zaidi kuliko jike, na doa hilo si rangi tu, ni kifuko. Tulichukua wavu tukaenda kwenye rundo. Wale tuliowakamata wote walikuwa na doa hilo. Tuliwaachia, nao wakarudi palepale.

Sasa jibu la swali la mdogo wetu ni hili. Gugu hili lina sumu. Ndani yake mna kemikali kali ziitwazo alkaloidi za pirolizidini, ambazo mmea hujilindia dhidi ya walaji. Mmea ukiwa hai na mzima, sumu hiyo imefungiwa ndani ya chembe zake kama mali katika kasha. Ukinyauka au kuvunjika, kasha hufunguka na harufu yake husafiri kwa upepo. Kipepeo dume huinusa akaja. Hutema tone la majimaji kupitia mrija wake juu ya jani kavu, sumu ikayeyuka humo, kisha akalinyonya tena tone lile. Kwa hiyo mdogo wetu alikosea kidogo aliposema vipepeo wanakula. Hawakufuata chakula, walifuata sumu yenyewe. Maua mabichi pia huwapa kiasi chake katika mbochi, ndiyo maana utawaona huko pia.

Ana haja gani na sumu? Haja ya kwanza ni posa. Mwishoni mwa tumbo lake kipepeo dume ana brashi mbili za nywele nyembamba ambazo kwa kawaida huzificha. Huzichomeka ndani ya vile vifuko vya mabawa, na kwa kazi hiyo ile sumu hugeuzwa kuwa manukato yaitwayo danaidoni. Anapomwona jike huzitoa brashi na kuzikunjua mbele yake. Mwaka 1975 Dietrich Schneider, Michael Boppré na wenzao walieleza kwamba madume waliolelewa ndani bila kuonja mimea ya namna hii hawana danaidoni. Wana afya, wanaruka, lakini hawana cha kumpelekea mchumba. Kwa hiyo lile rundo tuliloliita takataka lilikuwa duka la manukato, na wateja wake walikuwa wachumba wanaojiandaa kwenda kuposa.

Haja ya pili ni ulinzi. Sumu ikishaingia mwilini mwa kipepeo humfanya awe mchungu kwa adui. Katika Amerika ya Kusini kuna vipepeo wengine wanaokusanya alkaloidi hizi hizi, na mwaka 1984 mtaalamu Keith Brown alieleza jinsi buibui mkubwa wa jamii ya Nephila, akimnasa mmoja wao kwenye utando wake, humwonja, kisha hukata nyuzi moja moja na kumwachia aende zake. Mimi niliposoma habari hiyo nilifunga kitabu nikacheka peke yangu. Buibui anayemfungulia mateka wake mlango!

Wageni wa sumu si vipepeo tu. Yuko panzi mmoja mwenye rangi za manjano, kijani na nyeusi, aendaye polepole bila woga, naye akishikwa hutoa harufu mbaya. Jina lake ni Zonocerus elegans, na wakulima wa mihogo wanamjua kwa hasara. Mwaka 1984 watafiti walionyesha kwamba panzi huyu huvutwa na alkaloidi hizi hata zikiwa safi, bila jani lolote, na huzila. Basi shamba lenye gugu hili kando ya mihogo linamwalika mgeni asiyetakiwa.

SILAHA YA PILI

Msomaji asidhani kwamba kila mdudu hupokewa vizuri. Gugu hili lina silaha nyingine ya ajabu zaidi. Mwaka 1976 William Bowers na wenzake katika jimbo la New York, Marekani, walitangaza kwamba wamepata katika Ageratum houstonianum, ndugu wa gugu letu apandwaye bustanini, dawa mbili walizoziita prekosini. Gugu letu nalo linazo.

Mdudu mchanga ana homoni inayomwambia mwili wake, "Wewe bado mtoto, endelea kukua." Homoni hiyo ikikoma kwa wakati wake, tunutu hujivua gamba na kuwa mdudu mzima. Prekosini huharibu tezi inayotengeneza homoni hiyo. Matokeo yake tunutu huwa mzima kabla ya wakati: mdogo wa umbo, na asiye na uwezo wa kuzaa. Sasa likumbuke lile jina. Mmea ulioitwa "lisilozeeka" ndio unaowazeesha wadudu wangali watoto! Linnaeus hakuyajua hayo alipoliandika.

Wakulima wa China nao wametumia tabia za gugu hili kwa faida yao. Katika mashamba ya machungwa ya kusini mwa nchi hiyo, huachwa au hupandwa chini ya miti, kwa sababu huwapa chakula na makazi watitiri wawindaji wanaokula utitiri mwekundu unaoharibu majani ya michungwa.

LINALOTUHUSU SISI

Hapa ningeweza kuishia, na makala ingekuwa ya kupendeza tu. Lakini liko jambo ambalo nilipolisoma lilinifanya niandike barua nyumbani siku ile ile.

Alkaloidi zinazompa kipepeo posa na ulinzi humdhuru mwanadamu. Tunapozila au kuzinywa, ini letu huzigeuza kuwa vitu vikali zaidi, na vitu hivyo huharibu ini lenyewe na kuziba mishipa yake midogo ya damu. Madhara yake mara nyingi hayaji siku hiyo hiyo, ndiyo maana watu hawaoni kilichoyaleta. Kuanzia mwaka 2001, katika vijiji vya Tigray, kaskazini mwa Ethiopia, watu walianza kuugua ini, matumbo yakajaa maji, na wengi walikufa. Miaka ilipita kabla ya chanzo kujulikana. Wachunguzi walipopima nafaka zilizokuwa zimehifadhiwa majumbani walikuta alkaloidi za pirolizidini, na gugu lililozileta ndilo hili letu, lililoota shambani na kuvunwa pamoja na nafaka.

Kwetu nyumbani tunalima ulezi. Mbegu za ulezi ni ndogo, na za gugu hili ni ndogo zaidi. Tangu utoto nimemwona bibi yangu akipepeta kwa ungo jioni, mwanga ukiwa umepungua, na sikumbuki kama kuna mtu aliyewahi kumwambia achunguze mbegu nyeusi zenye vishale. Vilevile bibi hutwanga majani ya gugu hili na kuyabandika kwenye majeraha yetu, na wako watu wanaoyachemsha na kuyanywa kwa maumivu ya tumbo. Muhula uliopita mwenzetu mmoja bwenini alikunywa kikombe kizima, nasi tukamsifu kwa ujasiri. Simcheki, maana mimi ndiye niliyemwonyesha mahali linapoota. Kuchemsha hakuiondoi sumu hii. Huihamisha tu kutoka kwenye jani kwenda kwenye maji. Simvunjii bibi heshima, naye amewaponya wengi kwa mikono yake. Nimemwandikia tu kwamba dawa hii isinywewe, wala asipewe mtoto wala mama mjamzito, na kwamba ulezi upepetwe mchana.

TUFANYE NINI BASI?

Kwa wenzangu wa zamu za palizi nina maneno matatu. Kwanza, ling'oeni kabla halijachanua, kwa maana mche mmoja ukishakomaa umewapa kazi ya misimu kadhaa. Pili, mbegu zake huhitaji mwanga ili ziote. Kila mnapogeuza udongo mnazifunua nyingine. Tandazeni nyasi kavu kati ya mistari ya mahindi, nazo zitanyimwa mwanga. Tatu, yakiwa yamekwisha kuchanua, msiyatupe karibu na sakafu ya kupuria nafaka wala mahali panapokatwa majani ya mifugo.

Kwa wazazi wetu watakaosoma gazeti hili siku ya wazazi, ombi langu ni moja: tazameni nafaka kabla ya kuiweka ghalani.

Na kwa wote, nawaombeni tupunguze kusema kwamba kitu fulani ni takataka kabla ya kukaa nacho. Nimeling'oa gugu hili tangu nina umri wa miaka sita, na kwa miaka yote hiyo nilijua neno moja tu juu yake, nalo ni kwamba linanuka. Usilolijua ni usiku wa giza. Leo naling'oa bado, tena kwa bidii zaidi, lakini najua ninachokishika.

Yule mdogo wetu wa Kidato cha Kwanza nimemrudishia jibu lake, ingawa lilichelewa kwa wiki tatu. Alisikiliza mpaka mwisho, akafikiri, kisha akauliza, "Kaka, sasa jike akikutana na dume aliyelikosa gugu, anajuaje kwamba anadanganywa?" Nimempa kioo cha kukuzia na daftari.